Bumu, Deni na Fadhila: Nani Alimsomesha Nani?

 Leo mnivumilie, habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Kila mwaka dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari za Ilomba zinageuka kuwa ofisi nyeti. Namaanisha zile zilizopangana kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, ukitoka Mama John kuelekea Sae. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanapanga foleni na bahasha zao za kaki, wengine wakiwa na mama zao. Katika foleni hizo kuna swali ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja: "Hivi enzi za Mwalimu si walikuwa wanasoma bure?" Mzee akiwepo karibu atajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tulisoma bure, tukalala pazuri na kula kuku Jumapili.

Mimi nasema hapana. Hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu bure katika nchi hii. Kila aliyesoma alilipiwa. Kilichobadilika ni nani analipa, na anataka alipwe nini baadaye. Ukiifuata historia kwa jicho hilo, utaona kwamba deni ni la zamani sana kuliko Bodi ya Mikopo.

Tuanze mwanzo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kulikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 14. Ndiyo, kumi na wanne! Leo idadi hiyo haijazi hata daladala moja ya Uyole. Kabla ya hapo, Mtanganyika aliyetaka shahada alikwenda Makerere au ng'ambo, tena kwa ufadhili. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipita njia hiyo: Makerere kwanza, kisha Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarudi mwaka 1952.

Nchi changa ilihitaji madaktari, wahandisi na mahakimu haraka, na wazazi wengi hawakuwa na uwezo. Kwa hiyo Serikali ilijitwisha mzigo wote: ada, malazi, chakula, vitabu na fedha ya matumizi. Mwaka 1964 ada za shule za sekondari za umma nazo zikafutwa. Lakini Serikali haikuwa na kisima cha mafuta. Fedha hizo zilitoka kwa mkulima wa kahawa wa Rungwe na Mbozi, wa pamba wa Usukuma na wa mkonge wa Tanga. Mwalimu hakuchoka kulisema hili. Alimfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wenzake chakula. Mtu huyo akila akasepa, alisema, ni msaliti.

Hapo ndipo penye mzizi wa habari yetu. Lilikuwa deni, ila halikuandikwa kwa shilingi. Ulitakiwa kulilipa kwa utumishi.

Mwaka 1966 Serikali ikaamua kuliandika deni hilo katika sheria. Wahitimu wa vyuo na kidato cha sita walitakiwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza ingekuwa kambini, na miezi 18 iliyofuata wangefanya kazi katika fani zao huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakagoma. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, na mojawapo lilisema maisha yalikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Hebu fikiria maneno hayo mbele ya Nyerere, miaka mitano tu baada ya Uhuru!

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Aliwafukuza wote, zaidi ya vijana 300, warudi makwao, na hapohapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, lakini nchi haikubaki kama ilivyokuwa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huohuo Elimu ya Kujitegemea. Wapo wanahistoria wanaosema siku ile ya Ikulu ilichangia kuharakisha hayo yote.

Mimi nikilisoma tukio hili, siwaoni wanafunzi wale kama walafi tu. Waliuliza swali la haki: kwa nini sisi tukatwe wakati mawaziri wanaongeza magari? Mwalimu alilisikia swali hilo, ndiyo maana akaanza na mshahara wake. Na mwaka 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Wakafukuzwa tena kwa mamia. Kwa maneno mengine, chuo kilichoambiwa kina deni kwa wakulima kilianza kuuliza kama wakubwa nao wanalo.

Katikati ya matukio hayo mawili kuna Azimio la Musoma la Novemba 1974. Tunalikumbuka zaidi kwa lengo la elimu ya msingi kwa wote, lakini lilibadili pia mlango wa chuo kikuu. Kijana wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo moja kwa moja. Ilibidi afanye kazi kwanza miaka miwili au zaidi, na apate pendekezo la mwajiri na la chama. Deni sasa lililipwa hata kabla ya kukopa! Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, hasa baada ya kuonekana kwamba wasichana wengi walikuwa wanapotelea njiani.

Kisha hela ikaisha. Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980 tunaijua kwa simulizi za wazazi: vita ya Kagera, bei ya mafuta, foleni ya sukari, na sabuni inayokatwa vipande. Mwaka 1986 Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yakafuatana. Benki ya Dunia ilikuwa inazihubiria nchi za Afrika kwamba fedha za umma ziende zaidi shule za msingi, na wa chuo kikuu wachangie wenyewe. Mlimani kukawa hakukaliki. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi mingi.

Mwaka 1992 neno jipya likaingia katika Kiswahili cha serikali: kuchangia gharama. Lilikuja kwa hatua, kama maji ya mafuriko yanavyopanda. Kwanza familia ilitakiwa kulipia vitu vidogovidogo, kama nauli, ada ya maombi, usajili na michango ya serikali ya wanafunzi. Hatua ya pili, kuanzia mwaka wa masomo 1994/95, ilihusu chakula na malazi. Kwa kuwa wengi hawakuwa na hela hiyo, Wizara ilianza kutoa mkopo. Hatua ya tatu iligusa kilichobaki: ada ya masomo, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mahitaji maalumu ya vitivo.

Hebu tusimame kidogo kwenye 1994. Mkopo ule ulitolewa, karatasi zikasainiwa, lakini hakukuwa na chombo chenye meno cha kuudai. Watu walisaini, wakala, wakahitimu, wakaajiriwa na kusahau. Posho ile vijana waliipa jina la bumu, na jina likawaganda hata waliokuja baadaye. Neno lenyewe linakuambia jinsi ilivyopokewa, kama kitu kinacholipuka mara moja na kuondoka. Siku ya kusaini bumu Mlimani ilikuwa sikukuu. Wiki tatu baadaye watu walikuwa wanapiga pasi ndefu, yaani kula mara moja tu kwa siku, na kubebana vitanda kwa sababu vyumba havitoshi. Nani katika hali hiyo angekaa akakumbuka kwamba ni deni?

Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi Julai 2005. Ikarithi madaftari ya tangu 1994/95. Ndipo baadhi ya wahitimu wa miaka ya 1990, waliokwisha kuwa mabosi wenye vitambi, waligundua kwamba bumu lao lilikuwa hai na lilikuwa linawatafuta. (Wazanzibari wana bodi yao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kenya ilitangulia na HELB mwaka 1995, na Uganda ilifuata na sheria yake mwaka 2014.)

Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, mwaka 2005 ulikuwa na maana nyingine pia. Mwaka huo Mkwawa ya Iringa iligeuka kutoka shule maarufu ya sekondari ikawa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huohuo Chuo cha Ufundi Mbeya kikapanda ngazi na kuwa taasisi ya sayansi na teknolojia, ambayo baadaye ndiyo imekuwa MUST. Wamoravian wakaanzisha Teofilo Kisanji, TEKU. Mtoto wa Ilomba akaweza kwenda chuo kikuu kwa daladala na kurudi kulala kwao. Wakati huohuo shule za kata zilikuwa zinachipua kila mahali chini ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza 2004. Watoto walioingia kidato cha kwanza wakati ule ndio walioanza kugonga mlango wa vyuo miaka sita baadaye. Kutoka wanafunzi 14 wa Lumumba tukafika Bodi yenye wakopaji zaidi ya 40,000 katika mwaka wake wa kwanza. Bajeti ya 2024/25 ilitenga takriban shilingi bilioni 787 kwa wanafunzi zaidi ya 240,000.

Sasa, watu wakiwa wengi na mfuko ukiwa na mwisho, lazima uchague. Hapa ndipo vilio vinapoanzia. Serikali ilijaribu kwanza mgawanyo mmoja kwa wote, yaani asilimia 60 ya ada kwa mkopo na 40 kutoka mfukoni mwa mzazi. Aprili 2007 wanafunzi wa Mlimani waligoma kwa sababu hiyo na kurudishwa nyumbani. Na walikuwa na hoja, jamani. Arobaini ya mtoto wa mkurugenzi na arobaini ya mtoto wa muuza viazi wa Uyole si arobaini moja. Ukafuata utaratibu wa kupima uwezo, watu wakapangwa katika madaraja, kuanzia anayepata asilimia mia hadi asiyepata kitu. Novemba 2008 vyuo vikuu kadhaa vya umma vilifungwa baada ya mgomo mwingine juu ya jambo hilohilo.

Swali likawa: umaskini unapimwaje? Mtanzania wa kawaida hana hati ya mshahara. Mama anayeuza ndizi Soweto hajui kipato chake cha mwaka, anajua cha leo. Kwa hiyo mfumo umejenga vipimo vya pembeni. Je, wewe ni yatima? Una ulemavu, au mzazi wako anao? Kaya yenu imo TASAF? Sekondari ulisomeshwa na mfadhili? Ada ya shule uliyosoma ilikuwa kiasi gani? Kila jibu linataka karatasi, na karatasi inataka uhakiki: RITA kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, serikali ya mtaa kwa muhuri, wakili au hakimu kwa kiapo, na mdhamini mwenye kitambulisho.

Kuna binti mmoja wa mtaani kwetu ambaye baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Alizikwa kijijini, Kyela, na hakuna aliyewaza kuchukua cheti cha kifo. Kwani nani huku kwetu akitoka makaburini anakwenda ofisini? Miaka kumi na zaidi baadaye, cheti hicho kikawa ndicho kinachotenganisha yatima aliyethibitishwa na yatima wa maneno tu. Alikwenda Kyela mara mbili, nauli ikitoka kwenye mtaji wa mama yake wa vitumbua. Jioni moja aliniuliza, nami sikuwa na la kumjibu: "Kaka, hivi marehemu anathibitishaje kwamba amekufa?" Alikipata siku chache kabla ya dirisha kufungwa. Ninachojiuliza ni wangapi hawakuwa na mtaji wa vitumbua wa kuula.

Ndiyo maana nasema vipimo hivi vinahitaji kuangaliwa upya, hasa hiki cha ada ya sekondari. Tangu 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma hakina ada, na mwaka 2022 Serikali ikafuta pia ada ya kidato cha tano na sita. Ni jambo jema sana. Lakini maana yake shule haitoi tena picha nzima. Mtoto wa bosi na wa mchoma mahindi wanaweza kukaa dawati moja bila kulipa, na karatasi zao zikafanana. Na yule aliyepelekwa shule ya binafsi kwa michango ya shangazi na wajomba anaonekana tajiri. Anayeijua kaya kweli ni balozi na majirani, ila wao mchango wao unaishia kwenye muhuri.

Wenzetu wengine wamefanyaje? Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, majimbo kama New York na California yalianzisha programu za fursa ya elimu kwa vijana wa familia maskini waliosoma shule dhaifu. Hela ilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa masomo ya kujiandaa wakati wa kiangazi, walimu wa ziada na washauri. Walitambua kwamba ukimpa fedha mtoto wa shule isiyo na maabara, kisha ukamwacha peke yake, atafeli na deni atabaki nalo. Mwaka 1972 serikali yao kuu ikaanzisha ruzuku, ambayo baadaye iliitwa Pell, na maskini harudishi hata senti. Wana matatizo yao, mikopo yao inawatesa hadi uzeeni, lakini lile la ruzuku ni la kujifunza.

Na tusijidharau, nasi tuliwahi. Katika miaka ya 1990 Mlimani ilianzisha masomo ya awali kwa wasichana waliokosa alama kidogo za kuingia sayansi. Walinolewa, wakapimwa tena, wakaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Carnegie la New York likafadhili wasichana kusoma shahada pale. Karibuni zaidi, tangu 2022/23, kuna Samia Scholarship kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Ni zawadi nzuri kwa juhudi. Lakini angalia tofauti: ile ya zamani ilimfuata aliyepungukiwa, hii inamfuata aliyeongoza. Tunazihitaji zote mbili.

Nimalizie na marejesho, maana wasomaji wangu wengi mko huko. Mwanzo makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakapandisha hadi 15. Kwa mshahara wa 700,000, umetoka kukatwa 56,000 kwa mwezi na kufika 105,000. Juu yake kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Piga hesabu ya haraka: deni la milioni 10 lilizaa 600,000 kwa mwaka. Mtu aliyekatwa kwa kiwango cha zamani alilipa 672,000 kwa mwaka, yaani deni lenyewe lilipungua kwa 72,000 tu. Unakata mti kwa wembe! Tozo hiyo ilifutwa baada ya tangazo la Rais Samia siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza. Asilimia 15 ikabaki.

Sasa rudi kwa yule mtu wa Mwalimu aliyepewa chakula cha kijiji. Mimi sipingi kulipa. Kila shilingi ninayokatwa inakwenda kumkopesha mwingine, pengine yule binti. Ninachopinga ni kudhani kwamba ukishakatwa umemaliza, kwa sababu hapo ndipo tulipopoteza kitu. Deni la 1966 lilikuwa la mtu kwa watu wake. La leo ni la mtu na namba yake ya mkopo. Daktari akimaliza makato yake halafu akamdharau bibi wa Rungwe kwenye benchi la hospitali, mfumo utamwandikia cheti kwamba hadaiwi. Bibi yule atakuwa na maoni tofauti.

Na Serikali nayo inadaiwa. Maskini wa mwisho kabisa apewe ruzuku, si mkopo. Karatasi za yatima zishughulikiwe na ofisi zenyewe kwa kuwasiliana, badala ya kumpandisha mtoto basi. Na atakayeingia kutoka shule dhaifu asiachwe kwenye ukumbi wa mihadhara kama kifaranga kwenye mvua.

Kwa wadogo zangu mnaosubiri dirisha: anzeni na RITA mapema, hata kabla ya matokeo. Someni mwongozo wa mwaka husika wenyewe, msitegemee vya kuambiwa na mwenye steshenari. Tunzeni nakala ya kila kitu. Ukipangiwa kidogo au ukikosa, kipindi cha rufaa kipo, kitumie. Na kabla hujasaini, soma unachosaini, maana deni litaanza kukutafuta ukishamaliza chuo, uwe na ajira nzuri au la.

Wenye vitambi wa 1994, natumaini mmeshalipa. Nawakilisha.